Reli Imefika, Kiwanja Bado

Vijana wengi wa Unguja hushangaa wakiambiwa kwamba kisiwa chao kiliwahi kuwa na reli, tena treni ya abiria yenye mabehewa na saa zake za kuondoka, iliyokuwa ikitoka Ngome Kongwe, ikapenya baina ya nyumba za mji kwa njia nyembamba mno, kisha ikaelekea kaskazini hata ikafika Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Iliwekwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905. Serikali ikainunua mwaka 1911. Na kabla ya muongo wa 1920 kwisha ilikuwa imekwisha kuachwa, kwa kuwa motokaa zilikwisha kushika njia. Maisha yake yote hayakufika miaka 25. Lakini ardhi iliyopitiwa na reli ile, kuanzia Maruhubi na Mtoni hata Bububu yenyewe, ilibaki na minazi na miembe yake zamani nyingi baadaye, ikaja kuwa mitaa ya nyumba zilizoshikana wakati ambapo hapakuwa tena na mtu wa kukumbuka mlio wa gari moshi. Reli ilikuja ikaondoka, na kiwanja kilikuwa kingali kikifikiri.

Nimetanguliza habari hiyo ya kwetu kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza limenikaa rohoni tangu nilipokwenda kumtazama binti wa dada yangu katika nchi ya Marekani. Na kwa sababu katika miji yetu, kila litajwapo neno la reli ya mjini, hesabu tunayoletewa ni ya mataruma, mabehewa, mikopo na kilomita, wala hatuletewi hesabu ya viwanja vilivyo kandokando ya stesheni, ni vya nani leo, vitakuwa vya nani baada ya miaka 20, na katika miaka hiyo 20 vitakaa katika hali gani. Reli hufuata kalenda ya mhandisi, ambayo, hata ikichelewa, ina siku ya kufunguliwa na utepe wa kukatwa. Ardhi ina kalenda yake mwenyewe, haina utepe, na aghalabu huwa nyuma ya reli kwa miaka kumi au zaidi. Ucheleweshaji huo watu huulaumu sana. Mimi, baada ya kuutazama kwa karibu, sioni kwamba kungoja kwenyewe ndiyo ila. Ila iko katika kutojua mapema, wakati ardhi inangoja, hati iko mkononi mwa nani.

Mji ninaousema ni Seattle, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi ile, na ni mji uliochelewa kwa hiari yake. Mwaka 1968 wapiga kura waliletewa shauri la kujenga reli ya mjini; walioafiki walizidi nusu kidogo, lakini sheria ilitaka asilimia 60, shauri likaanguka. Wakaletewa tena mwaka 1970, likaanguka vibaya zaidi, na fedha za serikali kuu ambazo zingewasaidia zikaenda Atlanta, mji ambao leo una reli yake. Ilipita zaidi ya robo ya karne kabla ya wapiga kura kuridhia mwaka 1996, na miaka 13 mingine kabla ya treni ya kwanza kuchukua abiria, tarehe 18 Julai 2009. Tangu hapo wamekuwa kama mtu aliyechelewa kuoa, kila mwaka ana harusi: mwaka 2016 reli ikafika chuo kikuu, mwaka 2021 ikafika Northgate, mwaka 2024 ikafunguliwa njia ya ng'ambo ya ziwa huko Bellevue, na ya kaskazini ikafika Lynnwood, na katika kura ya mwaka 2016 wananchi walikubali mpango mwingine wa upanuzi uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 54, fedha ambazo hata kuziandika kwa tarakimu mkono wangu unatetemeka.

Binti yetu anakaa Kent, kusini ya mji. Nilipofika kwake mwaka 2024, siku ya tatu, baada ya kunipa chai na maandazi aliyoyapika usiku ili nisione ugeni, aliniambia, “Mjomba, leo nakupeleka kuuona mtaa wangu wa zamani.” Tukapanda basi hadi uwanja wa ndege, na hapo tukaingia treni. Ni treni nyepesi kweli, ya umeme, yenye kukaa kimya kama paka, inayokwenda juu ya nguzo kwa muda, kisha ikashuka chini na kuingia katikati ya barabara iliyopewa jina la Martin Luther King, ikipiga kengele kila makutano, motokaa kulia na kushoto zikisimama kuipisha. Ndilo bonde la Rainier hilo. Kandokando yake niliona mikahawa ya Wavietnamu, maduka ya nyama ya halali ya Wasomali, migahawa ya Wahabeshi na Waeritrea, na kwenye kibaraza cha duka moja wazee wawili wakizungumza Kiswahili cha Kongo, kile cha kukokota maneno, hata nikatamani kushuka niwaamkie. Stesheni ya hapo inaitwa Othello, kwa jina la barabara. Nami nikacheka peke yangu, maana yule Mwafrika aliyebuniwa na Shakespeare akafa kwa wivu katika kisiwa cha Kupro, sasa amepata mtaa uliojaa ndugu zake, na hapana hata mmoja wao aliyemsoma.

Reli ile haikupita juu ya ardhi katika bonde lile kwa bahati. Upande wa kaskazini, wenye watu wa mali zaidi, stesheni kadhaa zimechimbiwa chini, mtu hushuka kwa ngazi za umeme hata masikio yakaziba. Watu wa bondeni nao walitaka handaki, wakaunda chama chao, wakafika mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikawatupa. Walichopewa ni mfuko wa dola milioni 50 wa kuwasaidia wafanya biashara ambao maduka yao yangekaa miaka mbele ya mashimo na uzio, na kuinua mtaa baada ya hapo. Sitadharau fungu hilo. Mitaa yetu mingi haijawahi kuliota. Lakini fidia ya duka ni kitu kimoja, na ardhi iliyo chini ya duka ni kitu kingine.

Stesheni mbili mbele ya Othello, reli hupanda tena juu ya nguzo, na hapo iko stesheni ya Mount Baker. Hapo ndipo nilipomwomba binti yetu tushuke, naye akastaajabu, kwa kuwa hapana kitu. Nami nilitaka kukiona hicho kisichokuwapo. Kutoka juu jukwaani mtu hutazama ng'ambo ya barabara kuu akaona uwanda wa lami, umechorwa mistari myeupe ya kuegeshea magari, mkubwa kiasi cha kuchezea mpira timu mbili bila kugombana. Na nyuma yake duka moja kubwa lenye kuta bapa, ghorofa moja, linalouza vifaa vya ujenzi. Ardhi ile ilikuwa uwanja wa besiboli, ambao timu ya Seattle ya ligi kuu iliuchezea msimu mmoja tu, mwaka 1969, kisha ikahamia Milwaukee. Uwanja ukabomolewa mwaka 1979. Tulikaa jukwaani zikapita treni tatu. Nilimwona mtu amesukuma kigari chenye mbao ndefu, anazifunga kamba juu ya motokaa yake kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefunga jeneza. Misumari, rangi, saruji, milango, kila cha kujengea nyumba kinauzwa pale, juu ya kiwanja ambacho, miaka 15 baada ya treni kuanza kusimama mbele yake kila baada ya dakika chache, hakikuwa na nyumba hata moja.

Haki isemwe: upande wa pili, ubavuni pa stesheni, ziko fleti 57 za wasanii wa kipato kidogo, zilizofunguliwa mwaka 2014. Na ukiuliza kwa nini hizo zimesimama na kule ng'ambo pametulia, jibu ni jepesi hata linachosha. Kiwanja cha fleti kilikuwa cha mamlaka ya reli yenyewe, kilichobaki baada ya ujenzi. Kiwanja cha duka ni cha wenyewe, na biashara yao inakwenda. Kwa nini wavunje?

Mwenye ardhi hangoji kwa uvivu. Kwanza, reli ile ilifunguliwa mwaka 2009, wakati ule ule mabenki ya Marekani yalipokuwa yameanguka kifudifudi na hapana aliyetoa mkopo wa kujenga hata banda la kuku. Huko Othello jengo moja kubwa, lenye zaidi ya fleti 300, lilimalizika mwaka 2011, likakaa pale peke yake kama bwana harusi aliyetangulia wageni, na kona nyingine za njia panda zikangoja miaka mingi, hata kliniki ya watoto iliyokusudiwa mtaa ule ikafunguliwa mwaka 2022. Pili, mwenye kiwanja anajua kwamba kila mwaka anaongojea bei inapanda bila yeye kutoa jasho, maana jasho limetolewa na walipa kodi walioweka reli. Tatu, ujenzi wa reli wenyewe huacha vipande vya ardhi vya ajabu, pembe tatu hapa, utepe pale, ambavyo mjenzi mkubwa havitaki na mjenzi mdogo hawezi kuvipata; vikaota majani nyuma ya uzio wa waya, watu wakatupa magodoro. Sababu hizi tatu ni za kawaida mno, zingeweza kutokea Mbagala au Kibaha, na ndiyo maana nimezieleza.

Sasa tazama pale ambapo ardhi haikungoja. Katikati ya Othello na Mount Baker ipo Columbia City, kijiji cha zamani chenye majumba mazuri ya matofali, na hapo wajenzi walikuja wakajipanga. Kodi za pango zikapanda mtaani hapo na jirani zake. Binti yetu alikuwa akikaa katika fleti ya vyumba viwili si mbali na Othello, pamoja na mumewe na watoto, na alipohamia pale alifurahi kusikia kwamba treni ipo mlangoni. Mwenye nyumba naye alifurahi. Mara ya kwanza aliongeza kodi wakavumilia. Mara ya pili mumewe akashika kazi ya usiku. Mara ya tatu wakafunga mizigo wakahamia Kent, ambako nyumba ilikuwa nafuu kwa sababu treni haijafika. Wamehama hivyo wengi katika jamaa zetu wa Afrika Mashariki, kwenda Tukwila, SeaTac na Kent, kila mmoja akidhani shida ni yake peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2025 aliniandikia kwamba reli imefunguliwa tena, imepita Kent kwenda Federal Way. “Mjomba,” aliandika, “treni inanifuata kama deni.”

Kwa hiyo mpangaji amebanwa baina ya maovu mawili: pale ardhi inapolala, reli aliyoilipia kwa kodi yake inampitisha mbele ya lami tupu, na pale inapoamka, inaamka na kumfukuza. Wako wanaosema dawa ni kuiacha ijengwe kwa haraka, maghorofa yakizidi bei itashuka. Sibishani nao sana, kwa kuwa upungufu wa nyumba ni ugonjwa wa kweli na hauponi kwa hotuba. Ila haraka haiko katika amri yetu. Mabenki yakifunga milango mwaka fulani, hapana diwani awezaye kuyafungua. Na kilicho katika amri yetu ni hati, basi.

Ushahidi wangu upo katika mji ule ule. Huko Capitol Hill, mtaa wa vijana na wanamuziki karibu na katikati ya mji, mamlaka ya reli ilinunua na kubomoa majengo ili ichimbe stesheni, na eneo zima likazungushiwa ukuta wa mbao. Treni ilianza mwaka 2016, lakini maghorofa juu ya stesheni hayakupokea wapangaji ila mwaka 2020 na 2021, baada ya zaidi ya miaka kumi ya vumbi na baadaye ukimya, na watu wa mtaa walilalamika kwa haki. Lakini katika miaka hiyo walikaa mezani na wenye ardhi, yaani umma, wakashindana juu ya masharti. Na yalipojengwa, katika fleti 428, 176 zilitengwa kwa watu wa kipato kidogo na cha wastani, na uwanja wa katikati ukaachwa wazi kwa soko la wakulima. Sehemu kubwa ya ardhi haikuuzwa. Imekodishwa kwa miaka 99. Msomaji wa Tanzania hapo hana haja ya kufafanuliwa, maana hati zetu ni za miaka 33, 66 na 99, na sheria yetu inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake; kumbe Wamarekani, ambao kwao kumiliki kiwanja milele ni kama nguzo ya dini, walipofika kwenye stesheni waliazima desturi yetu bila kujua.

Mwaka 2015 jimbo lao likalitungia jambo hili sheria: ardhi ya ziada ya mamlaka ya reli ifaayo kwa nyumba, angalau asilimia 80 yake itangulizwe kupewa wajenzi watakaohakikisha kwamba asilimia 80 ya nyumba watakazojenga ni za watu wenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha wastani cha mahali pale. Themanini tatu mfululizo, rahisi kukumbukwa hata na mtu wa hesabu ndogo kama mimi. Huko Roosevelt, stesheni iliyofunguliwa mwaka 2021, jengo la fleti 254 za namna hiyo lilifunguliwa mwaka uliofuata tu, kwa sababu maneno yalikwisha kuzungumzwa kabla.

Sisi watu wa pwani tuna neno la jambo hili, nalo ni wakfu. Mtu huifunga mali yake, haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi hiba, na manufaa yake yakawaendea wale aliowataja. Nyumba kadha wa kadha za Mji Mkongwe ni za wakfu, na kama zisingekuwa hivyo maskini wangekuwa wamekwisha kutoka mle zamani, mahali pao pameshikwa na mahoteli. Lakini sitaki kumdanganya msomaji kwa kumwonesha uso mmoja wa sarafu, maana tumeona pia nyumba za wakfu zilizopasuka kuta na kuoza boriti, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo hata haikutosha kununua chokaa, na amana isiyokarabatiwa huwaangukia wale wale iliyowekewa. Kuifunga ardhi bila kuiwekea fungu la kuitunza ni nusu ya kazi.

Ng'ambo ya ziwa, Bellevue, mambo yalikwenda kinyume kabisa, na nitayapitia upesi. Pale palikuwa na maghala makubwa ya kampuni ya vyakula, ekari 36. Mji ukabadilisha matumizi ya ardhi mwaka 2009, majengo yakaanza mwaka 2013, na treni ikafika mwaka 2024, ikawakuta watu wamekwisha kuzoea mahali. Ardhi iliitangulia reli. Wenye maofisi makubwa ya kompyuta walilipa, na mahali pamependeza, pana miti na vibaraza. Fundi seremala wa Kikongo hatapanga pale.

Turudi kwetu. Dar es Salaam haina reli nyepesi bado, ijapokuwa hutajwa katika mipango mara kwa mara kama jina la mjomba tajiri anayetarajiwa kuja. Jirani yetu Addis Ababa anayo tangu mwaka 2015, kilomita 34, na habari yake ni onyo la namna nyingine, kwa kuwa treni nyingi zimelala karakana kwa kukosa vipuri. Lakini mwendokasi, yale mabasi ya njia ya peke yake yaliyoanza Mei 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, ni reli bila chuma: yana vituo, yana ukanda, na yanaifanyia ardhi vilevile. Na katika ukanda huo ipo Magomeni Kota.

Hadithi ya Magomeni Kota inaupinga upande mmoja wa hoja yangu, nami naieleza kwa sababu hiyo. Zilikuwa nyumba za zamani za wapangaji, kaya 644, juu ya ardhi ya umma. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 wakazi wakahamishwa, nyumba zikavunjwa, na kiwanja, kikiwa kando ya barabara ya Morogoro, mahali ambapo dalali yeyote angelipa kwa macho yamefumba, kikaota majani. Mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita mbele yake, abiria wakakitazama dirishani kila asubuhi. Mwaka 2016 Rais Magufuli akafika, akatoa ahadi kwa wakazi wale. Na mwezi Machi 2022 Rais Samia akazifungua fleti zao 644. Walirudi. Hilo ni jambo adhimu na halijatokea mara nyingi katika miji ya dunia hii, kwamba watu waliovunjiwa warudi pale pale. Lakini takriban miaka kumi walikuwa nje, wakipanga huku na kule, watoto wakibadilisha shule, na bila shaka wako wazee ambao funguo zao zilipokelewa na warithi. Hati ilikuwa ya umma muda wote. Umma haukuwa na haraka.

Kwa hiyo hati peke yake haitoshi, nakiri. Huko Capitol Hill eneo lilikuwa tupu kwa kuwa lilikuwa linachimbwa. Magomeni palikuwa patupu kwa sababu greda lilitangulia na fedha hazikufuata. Mtu hafumui paa la nyumba yake masika yamekaribia kwa kuwa ameona makuti mapya sokoni. Hungoja makuti yafike uani. Endapo siku moja tutajenga reli ya mjini, ningependa sheria itamke kwamba hapana nyumba ya mpangaji kuvunjwa karibu na stesheni mpaka mkataba wa ujenzi umetiwa saini na fedha zake ziko benki, na kwamba katika kungoja huko watu wakae, wapike, wauze vitumbua vyao, walipe kodi ile ile. Daftari la wapangaji liandikwe kabla mpima ardhi wa kwanza hajaonekana mtaani na vigingi vyake, kwa maana baada ya vigingi huzuka wapangaji ambao hata mbwa wa mtaa hawawajui. Vipande vya pembe tatu vinavyobaki vikabidhiwe manispaa mapema, kwa bei ndogo au bure. Huko Seattle navyo vimeanza kutolewa kwa mji ili zijengwe nyumba za kuuziwa watu wa kawaida, ila baada ya kukaa na magodoro yake miaka mingi. Na ardhi kubwa za umma zilizo njiani, stendi, karakana, maghala ya mashirika yaliyokufa, zikodishwe kwa masharti, zisiuzwe. Iliyokuwa stendi ya mabasi Ubungo, penye kituo cha mwendokasi, leo ni kituo kikubwa cha biashara. Sina ugomvi na biashara, lakini ningependa kujua kama kuna mtu, katika kikao chochote, aliyeuliza iwapo juu ya maduka yale zingeweza kupandishwa ghorofa tano za kulala watu wanaouza ndani yake.

Wiki iliyopita binti yetu alinipelekea picha. Kwenye uzio wa kiwanja cha jirani, mbele ya jengo analokaa sasa huko Kent, limesimamishwa bao kubwa jeupe la tangazo, kama yanavyowekwa kule wakati mtu anapoomba ruhusa ya kujenga, lenye ramani ndogo na maandishi mengi. Mkataba wake wa pango unakwisha mwezi ujao, naye ameambiwa achague baina ya mwaka mmoja na miwili. “Shikamoo mjomba,” aliandika chini ya picha, “nisaini upi?” Nilimwuliza kwanza jengo analokaa, na kile kiwanja cha jirani, ni vya nani. Alikwenda ofisini kuuliza. Kesho yake akanijibu kwamba msichana wa ofisini ni mwema sana, amempa peremende za watoto, lakini naye hajui. Yeye ameajiriwa na kampuni inayokusanya kodi kwa niaba ya kampuni nyingine, na barua za hiyo nyingine huja bila jina la mtu.